Upele wa Mbwa: Jua Ugonjwa Kabla ya Kununua Dawa

Katika mashamba ya Kagerankanda na vijiji vya nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, mbwa si pambo la nyumba. Ndiye anayekesha pembeni mwa shamba la mahindi wakati nguruwe pori wanapotoka msituni, ndiye anayewafukuza nyani na ngedere mchana, na ndiye anayebweka mgeni asiyefahamika anapokaribia mlango. Mlinzi huyo anapoanza kujikuna usiku kucha, manyoya yakapukutika na ngozi ikawa ngumu kama gome la mti, kaya nzima hupata hasara. Mbwa asiyelala hadhoofiki peke yake. Shamba nalo hubaki bila mlinzi.

Hapo ndipo safari ya kutafuta dawa huanza. Jirani mmoja hushauri oili chafu ya pikipiki. Mwingine hushauri maji ya tumbaku. Mnadani hupatikana mtu mwenye chupa ya soda iliyojazwa dawa ya ng'ombe, isiyo na lebo, naye huapa kwamba sindano moja inatosha. Bei ni ndogo na maneno ni matamu. Hata hivyo, mbwa anaweza kudhurika zaidi kwa dawa aliyopewa kuliko kwa upele wenyewe, na chupa isiyo na lebo inaweza kuishia mkononi mwa mtoto.

Makala haya yanamsaidia mtumiaji kutambua kinachomwasha mbwa wake, kujua matibabu yanayofaa na yasiyofaa, na kufahamu mambo ya kukagua kabla ya kutoa fedha.

Kuwashwa ni dalili, si jina la ugonjwa

Mbwa anayejikuna anaweza kuwa na viroboto, chawa, kupe, fangasi wa ngozi, jeraha lililoingiwa na bakteria, au mwili wake unaweza kuwa unakataa chakula fulani. Magonjwa hayo hayatibiwi kwa dawa moja. Dawa ya kuua utitiri haiponyi fangasi, na mafuta ya fangasi hayaondoi viroboto. Kwa hiyo swali la kwanza si "dawa gani ni kali?" bali "ni nini kinachomwasha?"

Anza kwa kumkagua mbwa mwangani. Tenganisha manyoya yaliyo juu ya shina la mkia. Ukiona wadudu wa rangi ya kahawia wanaoruka, au vumbi jeusi ambalo likiwekwa kwenye karatasi nyeupe yenye maji huacha doa jekundu, hao ni viroboto. Manyoya yakikatika kwa umbo la duara na ngozi ikatoa magamba, huenda ni choa, ambacho binadamu pia huambukizwa. Ikiwa huoni mdudu yeyote na mbwa anajikuna hadi kujitoa damu, fikiria upele.

Upele wa aina mbili

Upele wa mbwa huletwa na utitiri, viumbe wadogo wasiozidi nusu milimita ambao ni vigumu kuwaona bila hadubini. Zipo aina mbili zinazojulikana zaidi, na tofauti zake ni muhimu kwa mnunuzi.

Aina ya kwanza huletwa na utitiri uitwao Sarcoptes scabiei. Jike huchimba njia ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Kuanzia yai hadi utitiri mpevu huchukua takriban majuma mawili hadi matatu. Mwasho wake ni mkali mno, hasa wakati wa joto na mbwa anapolala. Aghalabu huanzia kwenye kingo za masikio, viwiko, visigino vya miguu ya nyuma na tumbo, kisha huenea mwili mzima. Huambukizwa upesi mbwa wanapogusana au wanapolala mahali pamoja. Mtaalamu anaweza kusugua ukingo wa sikio kwa vidole. Ikiwa mguu wa nyuma utaanza kupiga kama unaojikuna, hiyo ni ishara inayoelekeza kwenye upele huu, ingawa si uthibitisho kamili.

Aina ya pili huletwa na utitiri uitwao Demodex canis, ambao huishi ndani ya vishimo vya manyoya. Karibu kila mbwa huwa nao kwa idadi ndogo, kwani mtoto huupata kwa mama yake katika siku za kwanza za kunyonya. Haumdhuru hadi kinga ya mwili inapopungua, kwa mfano kutokana na umri mdogo, utapiamlo, minyoo au ugonjwa mwingine. Hapo manyoya huanza kutoka kuzunguka macho, mdomoni na kwenye miguu ya mbele. Mwasho huwa mdogo mwanzoni, isipokuwa bakteria wakiingia. Upele huu hauambukizi mtu, na kwa kawaida hauenei kati ya mbwa wakubwa.

Jambo moja linastahili kukumbukwa. Upele huu wa pili, unapokuwa katika sehemu chache tu za mwili wa mbwa mchanga, mara nyingi hupona wenyewe katika majuma kadhaa kadiri kinga inavyokomaa. Kitu chochote kilichopakwa siku hizo, kiwe oili, majivu au maji ya tumbaku, hupata sifa isiyostahili. Ndiyo maana utasikia watu waaminifu wakisema kwa dhati kwamba oili chafu iliponya mbwa wao. Hawasemi uongo; mbwa alipona, lakini si kwa oili.

Je, watu wa nyumbani wamo hatarini?

Utitiri wa Sarcoptes wa mbwa unaweza kumpanda mtu anayemshika au kulala karibu naye, ukamletea vipele na mwasho mikononi, tumboni au kiunoni. Kwa kawaida hauzaliani katika ngozi ya binadamu, na mwasho hutoweka mbwa akishatibiwa. Ikiwa mwasho unaendelea, au watu wengi nyumbani wanajikuna usiku, hasa katikati ya vidole, nendeni kituo cha afya. Huenda huo ni upele wa binadamu, ambao una matibabu yake. Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele mwaka 2017.

Utitiri wa jamii hii hujua kuvuka mipaka ya spishi. Mwaka 1996, sokwe wa milimani katika Hifadhi ya Bwindi nchini Uganda walipatwa na upele. Mtoto mmoja wa sokwe alikufa na wengine wakapona walipotibiwa kwa ivermektini. Daktari wa wanyama Gladys Kalema-Zikusoka, aliyewahudumia, alihusisha ugonjwa huo na nguo chafu za watu zilizotumika kutengenezea vinyago vya kufukuzia wanyama mashambani. Kwa wanaolima kando ya misitu, funzo ni kwamba afya ya watu, ya mbwa na ya wanyama wa porini haitenganiki.

Kosa kubwa liko kwenye kipimo

Ivermektini ni dawa njema. William Campbell na Satoshi Ōmura, waliowezesha kupatikana kwake, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2015. Tatizo si dawa, bali ni chupa ya ng'ombe kutumika kwa mbwa bila hesabu.

Chukua mfano wa dawa ya sindano ya asilimia 1 inayouzwa kwa ajili ya mifugo. Kila mililita ina miligramu 10 za dawa, na kipimo cha ng'ombe ni mililita 1 kwa kila kilo 50 za uzito. Ng'ombe wa kilo 250 hupata mililita 5. Kwa uwiano huohuo, mbwa wa kilo 10 angepata mililita 0.2 tu, yaani kistari kimoja kidogo kwenye bomba la sindano la mililita 5. Mtoto wa mbwa wa kilo mbili na nusu angepata kiasi kinachokaribia tone moja. Muuzaji anaposema, "mpe mbili tu, ng'ombe hupewa tano," amempa mbwa wa kilo 10 kipimo mara kumi.

Hesabu hii haikuwekwa hapa ili mtu amchome mbwa wake mwenyewe. Imewekwa ili uone jinsi kosa dogo la mkono linavyokuwa kosa kubwa la dawa. Isitoshe, mbwa wa jamii ya Collie na baadhi ya machotara wao wana hitilafu ya kurithi inayoruhusu dawa hii kuingia kwenye ubongo. Hao wanaweza kudhurika vibaya hata kwa kipimo ambacho mbwa wengine hukivumilia. Watoto wa mbwa nao ni dhaifu zaidi. Uamuzi wa kutumia dawa hii kwa mbwa ni wa mtaalamu aliyempima na kujua uzito wake.

Uzito wenyewe si vigumu kuupata. Panda juu ya mizani ya kupimia mazao ukiwa umembeba mbwa, kisha panda peke yako. Toa uzito wa pili kutoka kwa ule wa kwanza, uandike, na umpelekee mtaalamu.

Vitu visivyopaswa kumgusa mbwa

Oili chafu ina masalia ya metali na kemikali zilizoungua. Huunguza ngozi iliyokwisha kuchubuka, hupenya mwilini, na mbwa huimeza anapojilamba. Mafuta ya taa na dizeli hufanya vivyo hivyo, na yakiingia mapafuni huleta nimonia.

Maji ya tumbaku yana nikotini, ambayo ni sumu inayopita kwenye ngozi. Katika wilaya zinazolima tumbaku ni rahisi kuyapata, lakini urahisi huo si usalama.

Viuatilifu vya mazao na vya ghalani havikutengenezwa kwa ajili ya ngozi ya mnyama. Baadhi yake hushambulia mfumo wa neva: mbwa hutoa udenda mwingi, hutetemeka, huharisha na huweza kufa siku hiyohiyo.

Losheni ya upele ya binadamu yenye benzili benzoeti humdhuru mbwa akiilamba, na ni hatari zaidi kwa paka. Permethrini, ambayo mbwa huivumilia katika bidhaa zilizotengenezwa kwa ajili yake, humuua paka. Mwenye paka nyumbani amweleze mtaalamu kabla ya kununua dawa yoyote.

Dawa za maumivu za binadamu kama ibuprofeni na diklofenaki haziondoi mwasho, bali huleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo za mbwa. Deksamethasoni na prednisoloni hutuliza mwasho kwa haraka, lakini hushusha kinga. Zikitolewa kwa mbwa mwenye upele wa Demodex, ugonjwa huweza kusambaa mwili mzima.

Mawese safi, ambayo hayakosekani Kigoma, si sumu na yanaweza kulainisha magamba makavu. Hata hivyo hayauponyi upele. Yasichukue nafasi ya tiba.

Tiba inayofaa

Mtaalamu hukwangua ngozi kidogo na kutazama kwa hadubini. Utitiri wa Demodex huonekana kwa urahisi. Ule wa Sarcoptes mara nyingi hauonekani hata kama upo, kwa hiyo mtaalamu anaweza kuanza tiba kwa kufuata dalili na kuangalia maendeleo. Hilo si kubahatisha. Ni utaratibu unaokubalika.

Baada ya hapo anaweza kuchagua sindano, dawa ya kuogesha yenye amitrazi, dawa ya kudondoshea mgongoni, au vidonge vya kundi jipya kama fluralaneri na afoksolaneri. Vidonge hivyo ni rahisi kutumia, ila mbwa mwenye historia ya kifafa atajwe mapema.

Dawa ya kuogesha ichanganywe kama lebo au mtaalamu alivyoelekeza. Fanya kazi hiyo nje, kwenye hewa ya kutosha, ukiwa na glavu. Amitrazi haifai kwa watoto wa mbwa wala mbwa mwenye mimba bila idhini ya mtaalamu, na mtu mwenye kisukari asiishughulikie. Maji yaliyobaki yasimwagwe karibu na kisima wala kijito, kwa kuwa huua samaki.

Mambo matatu huamua kama tiba itafanikiwa. La kwanza, maliza muda wote. Dawa nyingi haziui mayai. Yakianguliwa baada ya siku chache, upele huanza upya. Kwa sababu hiyo dawa hurudiwa, mara nyingi baada ya majuma mawili. Upele wa Demodex uliosambaa unaweza kuhitaji miezi. La pili, ikiwa ni Sarcoptes, tibu mbwa wote wanaoishi pamoja, hata wasiojikuna. La tatu, choma au fukia majani na magunia anayolalia, na fagia banda lake. Nje ya mwili wa mbwa, utitiri huishi siku chache, lakini penye baridi na unyevu, kama ilivyo nyanda za juu wakati wa masika, huweza kuvumilia zaidi ya majuma mawili.

Kumpunguzia mwasho wakati tiba inaendelea

Hata dawa sahihi haiondoi mwasho siku hiyohiyo. Mbwa anaweza kuendelea kujikuna kwa majuma kadhaa kwa sababu ngozi bado inapambana na mabaki ya utitiri. Katika kipindi hicho mwogeshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, lainisha magamba bila kuyabandua kwa nguvu, suuza vizuri na umkaushe. Muulize kwanza mtaalamu siku inayofaa, kwa kuwa baadhi ya dawa za mgongoni huondolewa na maji. Mpunguze kucha. Mweke kivulini mchana.

Mlishe vizuri zaidi. Mbwa anayekula ugali mtupu hana protini ya kutosha kujenga ngozi mpya. Mwongezee dagaa wasio na chumvi nyingi, mayai au mabaki ya nyama. Mpe dawa ya minyoo kwa ushauri wa afisa mifugo.

Mfunge mdomo kwa kitambaa laini unapomshughulikia, na umfungue mara umalizapo, kwani mbwa mwenye maumivu huuma hata anayempenda. Akikung'ata, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 na uende kituo cha afya bila kuchelewa. Kichaa cha mbwa hakina tiba dalili zikishajitokeza. Tumia nafasi hiyo kumuuliza afisa mifugo kuhusu chanjo ya mbwa wako.

Kabla hujalipa

Nunua katika duka la dawa za mifugo lenye kibali kilichobandikwa mahali panapoonekana. Dawa za mifugo husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na viuatilifu husimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA). Kagua mambo haya: jina la dawa na nguvu yake, mnyama iliyokusudiwa, namba ya toleo, tarehe ya kwisha muda, na maelekezo yaliyo katika Kiswahili au Kiingereza. Hakikisha kifuniko hakijafunguliwa. Usikubali dawa iliyomiminwa kwenye chupa nyingine, wala ile iliyovushwa mpakani ikiwa na maelezo usiyoweza kuyasoma. Dai stakabadhi. Nyumbani, ifungie mbali na watoto na vyakula.

Muulize pia anayetaka kumchoma mbwa wako sindano kama anatambuliwa na Baraza la Veterinari. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 haimruhusu kila mwenye bomba la sindano kutoa tiba. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, kwa upande wake, inamtaka mwenye mnyama amtunze na asimtese. Kumpaka mbwa oili chafu si kumtunza.

Ikiwa mbwa amekwisha kupewa dawa na sasa anayumba, anatoa udenda, anatetemeka, mboni za macho zimetanuka au hawezi kuamka, usimtapishe wala usimnyweshe maziwa au mafuta. Ikiwa dawa ilipakwa mwilini, vaa glavu na umwoshe kwa maji na sabuni. Mpeleke kwa mtaalamu upesi pamoja na chupa yenyewe, kwa sababu matibabu ya sumu hutegemea aina ya sumu. Ivermektini haina dawa maalumu ya kuitangua. Mbwa huokolewa kwa uangalizi wa mapema.

Mwisho, usiitupe chupa iliyokudhuru wala usinyamaze. Toa taarifa kwa afisa mifugo wa kata au kwa namba ya bure iliyochapishwa nyuma ya kijitabu hiki, ukitaja mahali na siku uliponunua. Muuzaji aliyekuuzia leo atakuwa mnadani tena juma lijalo, na taarifa yako inaweza kumwokoa mbwa, au mtoto, wa nyumba nyingine.